Taa ni Shosti, Jua ni Wifi

Mama Saluni hakuwahi kuhukumu poda chini ya taa. Ungemletea kopo jipya, hata kama umelibeba toka Kariakoo kwa uangalifu kama trei la mayai, yeye alilipokea, akalinusa, akatoka nalo mpaka mlangoni, akaniita.

"Kidato, lete mkono."

Napeleka mkono. Ananipaka, ananishika kiwiko, anauvuta mkono nje ya kivuli cha bati, anaugeuzageuza juani kama mtu anayenunua kuku. Halafu anasubiri. Ujuzi wake wote ulikuwa hapo, kwenye kusubiri. Poda nyingi, alikuwa akisema, zina adabu mwanzoni, kama wachumba. Acha jasho lipite, acha vumbi la mtaa wetu wa Mafiga lipite, ndo uangalie tena umebaki na nani.

"Taa ni shosti," aliwaambia wateja. "Itakusifia mpaka upotee. Jua ni wifi. Hujamuuliza, anakwambia."

Kisha anatoa hukumu. "Huu ni unga wa ugali." "Hii inamfaa maiti, tena maiti asiyetoka jasho." "Hii nzuri, lakini bei yake sisi wa Mafiga tutaisikia redioni." Wateja walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao, ingawa hiyo kwa mtaa wetu si sifa kubwa.

Kidato ni mimi. Niliishia kidato cha pili. Watu wengine husema waliacha shule. Mimi na shule tuliachana kwa makubaliano, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Nikaja saluni kuosha vichwa, kazi ambayo mteja anakupa kichwa chake na wewe huna haja ya kutumia chako. Kwa hiyo nitamsimulia ninavyomkumbuka, si kwa mpangilio. Alizaliwa lini, sijui. Ningeuliza angenitupia chanuo. Jina lake la kwenye leseni walilijua watu wa leseni. Sisi tulimwita Mama Saluni, ingawa hakuwa na mtoto, labda hiyo saluni yenyewe, na mimi kwa kujipachika.

Mama Saluni alikuwa mweupe. Si mweupe wa kuzaliwa, mweupe wa kuchanganya. Mkorogo wake aliukoroga mwenyewe, chumba cha nyuma, kwenye kopo la majarini, kwa kijiko cha mbao, mlango umefungwa. Mtaa mzima ulijua, maana mkorogo hauna siri: uso unakubali, shingo inakubali, lakini vifundo vya vidole vina kiburi, vinabaki vilivyo. Wauza nyanya wa mbele walikuwa na wimbo wao akipita: uso chai ya maziwa, vidole chai ya rangi. Alikuwa anawasikia vizuri sana.

"Chai zote hizo birika moja," aliwajibu siku moja bila kugeuka. "Kunyweni, mlale."

Sasa sikiliza maajabu yake. Mtu huyo huyo, ukimfuata akuuzie mkorogo, anakufukuza kama mwizi wa kuku. Walikuja wasichana wa chuo toka Mzumbe, wamependeza, wanahitaji nini mimi sikuelewa.

"Shikamoo Mama. Tumesikia unachanganya vizuri."

"Marahaba. Nachanganya kachumbari. Mnakula?"

Wakacheka. Mmoja akawa mbishi. "Lakini Mama, si wewe mwenyewe unatumia?"

"Ndo maana nakwambia. Ukitaka kujua ubaya wa pombe utamuuliza padri? Muulize mlevi." Akamshika kidevu, akamgeuzia mlangoni. "Angalia rangi hii. Hii umepewa. Uso hauna spea, mwanangu. Ukiua huu, duka la mwingine hakuna."

Wakaondoka wamenuna. Yeye akaingia nyuma, akafunga mlango, na mimi nikiwa nasuuza taulo nikasikia kijiko cha mbao kinagonga kopo la majarini, ko, ko, ko.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini haachi. Akanijibu bila hasira, kama mtu anayemweleza fundi baiskeli ilivyoharibika. Ukiacha, alisema, nyeusi haiji kwa hiari. Inakuja ya hasira, inakuja kwa madoa, unafanana na dari iliyovuja. "Na bibi harusi gani atampa uso wake mtu mwenye dari imevuja?"

Halafu hilo jua. Mtu aliyeliamini jua kuliko hakimu, mwenyewe alilikimbia. Mkorogo unakula ngozi, inabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, jua likigusa inaungua. Mwavuli hata siku ya mawingu. Jiko la mkaa alilipikia kwa mbali, mkono umenyooka kama anamlisha mbwa asiyemjua. Ndiyo maana kila tulipopima poda, mkono wangu ulikuwa juani na yeye amesimama ndani ya mlango, kivulini. Nilifanya kazi pale miaka mingi na sikuwahi kumwona akitoka mwili mzima juani bila mwavuli.

Na kilemba. Mwenye saluni, lakini nywele zake hakuna aliyewahi kuziona. Kilemba asubuhi, kilemba jioni, kimebanwa mpaka chini ya masikio. Tulisema ana kipara. Mimi ndiye niliyeongezea kwamba ana vipara viwili.

Alianzaje? Hilo alilisimulia kama kichekesho, wateja wakiwa wamekaa na dawa kichwani hawawezi kukimbia. Alikuwa msichana, ametoka kwao mlimani juzijuzi, akaenda kupiga picha ya kitambulisho. Mpiga picha akawasha taa zake, akainama, akachungulia, akasema, "Dada, tabasamu basi, tujue umekaa wapi." Watu waliokuwa foleni wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu. Picha ikatoka, yaani kweli, meno na kola ya shati.

Alikuwa akifika hapo saluni nzima inacheka, mimi wa kwanza. Alijua kusimulia. Alijua pa kunyamaza ili mcheke. Na mkishacheka alikuwa anachukua chanuo na kuendelea, na hiyo hadithi hakuwahi kuimalizia kwamba baada ya hapo alikwenda wapi. Mwisho wake ulikuwa usoni kwake, kila mtu anauona.

Mama yake alikuwa Mgeta, juu kabisa, kule kabichi zinalimwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anashuka kwa sala. Uzee ulikuwa umeanza kumla bibi yule kumbukumbu, ukianzia za karibuni. Za zamani aliachiwa. Mama Saluni alipanda Krismasi kwenda kumwona baada ya kukaa muda mrefu bila kwenda. Aliporudi akatundika mwavuli, akakaa kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho hakufanyaga.

"Amenipa kigoda cha wageni," akasema. "Amesema, karibu sista."

"Sista gani?"

"Wa misheni. Zamani walikuwa wanapita masista wa kizungu kupima watoto. Kadhani nimekuja kupima watoto."

Nikacheka, maana kwa sura aliyoweka ilikuwa kama ananipa ruhusa nicheke.

"Halafu akanihadithia ana binti yake mjini. Mweusi kama chungu, anasema, na akicheka unasikia toka bondeni. Akaniuliza kama nimewahi kukutana naye."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nikimwona nitamsalimia."

Toka siku hiyo Mama Saluni alikuwa na haja moja tu hapa duniani: mama yake amjue kabla hajafa. Na haja yenyewe ilikuwa na mbio. Wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyekuwa anamlea bibi, na kila akipiga simu habari ni ile ile: mama amepungua, mama anakunywa uji tu sasa. Rangi ikiachwa irudi yenyewe ni safari ndefu, tena ya madoa. Bibi hakuwa na muda huo. Ilitakiwa njia ya mkato, na mtu anayetafuta njia ya mkato, hata awe mjanja vipi, anafanana na mimi kwenye mtihani wa hesabu.

Ndipo ilipokuja bronza.

Ililetwa na mteja ambaye mpwa wake yuko Dar, anauza vipodozi mtandaoni. Kopo la duara, kifuniko cha dhahabu, kioo ndani, zuri hata kulifungua unaona aibu. Mama Saluni akanipa nisome. Kiingereza changu kinaishia nusu ya kopo. Nikasoma jua, nikasoma ngozi, nikasoma rangi, yaliyobaki nikayajaza kwa imani.

"Inakupa rangi ya mtu aliyepigwa na jua."

"Ya kahawia?"

"Kahawia ya kung'aa. Ya shaba."

"Wanapaka akina nani?"

"Wazungu, nadhani. Wakitaka kuwa weusi kidogo."

Alicheka mpaka akashika kilemba. "Kumbe wao wanatafuta yangu, na mimi miaka yote natafuta yao. Tungekutana njia panda tukabadilishana, tukarudi makwetu."

Akakaa mbele ya kioo kikubwa, akawasha taa zote, akajipaka. Brashi yenyewe ya mle ndani ilikuwa inapukutika, na poda inamwagika mapajani zaidi ya inavyokwenda usoni, lakini alijua kazi. Alipomaliza nikasogea nione. Chini ya taa, jamani, ilipendeza. Uso ulikuwa kama chungu kilichotoka motoni sasa hivi, kahawia yenye joto ndani yake. Sijawahi kumwona hivyo. Na yeye alikuwa hajajiona hivyo tangu ile picha ya meno na kola. Alijitazama muda mrefu, akigeuza uso taratibu kama anaogopa utadondoka.

Mimi kwa mazoea nikanyoosha mkono. "Haya Mama, twende mlangoni."

"Leo hapana."

"Mama, jua..."

"Nimesema leo hapana, Kidato. Jua nalijua."

Nikaenda mwenyewe. Nilijipaka mkononi, nikasimama nje, nikasubiri alivyonifundisha. Kwenye weusi wangu rangi haikuonekana kabisa, ila vimeta vitupu, nikawa kama mtu aliyekuwa anaparua samaki. Nikangoja jasho. Jasho likaja, unga ukajikusanya kwenye vinyweleo, na ile shaba ikaondoka kimya kimya kama mgeni asiyeaga, vimeta vikabaki kama mpangaji. Harufu yake ya biskuti zilizolala. Kwa mkono wa Mama Saluni wa siku nyingine yoyote, kopo lile lingerudi Dar na matusi juu yake.

Nikarudi ndani.

"Vipi?" akaniuliza, hajageuka toka kwenye kioo.

"Inang'aa," nikasema.

"Si ndo kazi yake."

Tulipanda Mgeta siku ya soko. Alijipaka alfajiri, uso, shingo, mikono, akavipaka na vifundo vya vidole kimoja kimoja ili vifanane na kwingine. Kilemba akakibana hasa, mpaka nikamuuliza kama bado anasikia. Mimi nilibeba kopo na tishu, kama msaidizi wa bondia.

Toka pale gari linapoishia ni kupanda kwa miguu, katikati ya matuta ya karoti na njegere. Na ukungu wa Mgeta haunyeshi, unalamba. Ulimlamba Mama Saluni shavu moja, ukahamia la pili. Jasho likaja kwa ndani, ukungu kwa nje, poda katikati haina pa kukimbilia.

"Bado ipo?" akaniuliza tulipopumzika.

"Ipo."

"Wapi?"

"Shingoni."

Akacheka kidogo, akaendelea kupanda. Nikamrudishia alipohitaji kurudishiwa, lakini poda mbichi juu ya poda iliyolowa ni matope. Tulipofika uani kwao, rangi ilikuwa imekatika mistari, na uweupe unachungulia katikati, na juu ya yote hayo uso mzima unametameta.

Wifi yake alikuwa anaosha karoti kwenye beseni. Mwanamke mrefu, mikono ya kazi, mdomo wa kazi pia.

"Karibu wifi. Leo umekuja na uso wa nani?"

"Wa mwenyewe."

"Haya. Mwenyewe na aujue."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwa jiko, kwenye kigoda. Jua lilikuwa limepata upenyo likamwangukia yeye tu. Mdogo, mweusi wa kumeremeta, na masikio yake yamekunjika kwa juu, kama jani la mboga lililokosa maji. Sijui kwa nini niliyaangalia masikio. Labda kwa kuwa sikuweza kuangalia kwingine.

"Shikamoo mama," akasema Mama Saluni, akapiga magoti.

"Marahaba."

Bibi akamtazama. Akamtazama tena, na uso wake ukaanza kufunguka. Macho yakapata mwanga, mdomo ukaachia. Mama Saluni akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza. Bibi akainua viganja vyake vyote viwili, akapiga vigelegele, vyembamba, vya pumzi fupi.

"Mwali huyu," akasema. "Wametoa mwali leo."

Kwa asiyejua: kwa Waluguru, watu wa milima ile, msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, anaitwa mwali, anafundwa. Anakaa humo bila jua mpaka ngozi inafifia. Siku ya kumtoa anapakwa mafuta mpaka anang'aa, anainamisha uso, hasemi neno, na kungwi wake yuko ubavuni akimsemea. Sasa bibi kaona mtu amefifia, anang'aa, kainama, na ubavuni ana mtu kambebea vitu. Hesabu zake zilikuwa sawa kabisa. Mwali mwenyewe alikuwa na magoti yanayolia akiinuka, na kungwi ni mimi, ambaye sijawahi kufundisha mtu kitu isipokuwa matusi, lakini hesabu zilikuwa sawa.

"Mama," akasema Mama Saluni. "Ni mimi."

Bibi akamgusa midomo kwa kidole, kwa upole. "Nyamaza mwanangu. Mwali hasemi."

Akanigeukia mimi. "Kungwi, mwali wa nani huyu?"

"Wa hapa hapa, Bibi."

"Mama yake yupi, nimpe hongera?"

Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa ameacha karoti, maji yanamchuruzika mikononi. "Mama yake ni wewe, mama," akasema, na ule mdomo wake wa kazi haukuwa na kazi tena.

Bibi akacheka. "Wangu nilishamtoa zamani. Wangu mweusi. Atakuja Jumapili."

Akaurudia uso wa mwali. Akapitisha kidole shavuni, akakiangalia kile kidole kinavyometameta, akakisugua na gumba.

"Wamekupaka nini? Hii haishiki." Akanitazama kwa lawama. "Imekaa juu kama vumbi. Kungwi, hii si kazi."

"Samahani Bibi. Waliniuzia watu wa Dar."

"Lete nyonyo."

Wifi akaleta chupa ya mafuta ya nyonyo, yale mazito. Bibi akamimina kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua, akaanza. Paji la uso. Mashavu. Kidevu. Polepole, kama mtu anayefinyanga. Bronza ikatoka yote, ikabaki kwenye viganja vyake, na chini yake ukatokea ule uso wenyewe wa mkorogo, mweupe, mishipa inaonekana, na bibi wala hakushtuka, mwali ndivyo alivyo. Akachukua mikono, akapaka kidole kwa kidole. Alipofika kwenye vifundo vyeusi akavipitia vivyo hivyo. Mama Saluni alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanateremka juu ya mafuta, hayashiki popote.

"Na kichwa," akasema bibi, akakamata pindo la kilemba aanze kukifungua.

Mama Saluni akakishika kwa mikono miwili. "Basi mama. Panatosha hapo."

Bibi akamwachia. Akatabasamu. "Ana aibu," akaniambia. "Vizuri. Mwali awe na aibu."

Tulishuka mpaka karibu na soko. Pale akasimama.

"Kidato. Hukumu."

"Ya nini, Mama?"

"Ya bronza."

"Haishiki, Mama."

"Usimuuzie mtu."

Wiki hiyo hiyo aliacha mkorogo. Lile kopo la majarini likawa la kuwekea vibanio. Ikatokea kama alivyosema, nyeusi ya hasira, madoa, ngozi inachubuka karibu na macho, na maharusi wakaanza kupata dharura za kwenda saluni nyingine. Mimi nilikuwa nawaambia watu ni mtindo mpya, unaitwa dari imevuja. Yeye ndiye pekee aliyecheka.

Bibi alifariki njegere zikiwa zinavunwa. Msibani, wanawake wakiwa wanamenya viazi, Mama Saluni akamuuliza wifi yake kama mama alisema chochote mwishoni.

"Alikuwa anamuulizia yule mwali," akasema wifi. "Kila siku. Yule aliyeng'aa, ameolewa? Ana mtoto?"

"Na mimi?"

Wifi alikata kiazi, akakitia majini. "Wewe alikuwa anakungoja, wifi."

Saluni ilifungwa baadaye. Mimi nina kibanda changu Kilakala, mabeseni mawili na kioo kilichopasuka, wateja wangu wanajiona mara mbili na hawalipi zaidi. Mwaka huu nikapita kumwona pale Mafiga, chumba kimoja, mchana wa jua kali. Alikuwa amekaa ndani, taa imewashwa. Nilimkuta hana kilemba. Nywele fupi, nyeupe, zimejaa kichwa kizima. Nikamwambia miaka yote nimetangaza kipara bure.

"Kidato," akasema. "Nafanana na nani?"

"Na Mama Saluni, ila mzee."

"Acha mchezo. Nafanana na mama?"

"Unafanana."

"Umesema chini ya taa."

Akainuka. Akashika ukuta, akafika mlangoni, nami nikadhani atasimama pale pa siku zote, nusu ndani. Akapita. Akatoka mwili mzima, akasimama katikati ya uwanja, jua limemshukia kichwani, akafumba macho na kuuinua uso wake.

"Haya. Hukumu."

Nikamshika kidevu. Nikamgeuzageuza kama alivyokuwa anaugeuza mkono wangu, nikasubiri kama alivyonifundisha. Paji la uso jeusi. Mashavu yana madoa kama kivuli cha majani. Karibu na macho kama pameungua. Nilitafuta pa kumpa jibu na sikuona. Bibi hakuwemo mle. Nikamgeuza ubavu.

Sikio lilikuwa jeusi kama chungu, jeusi moja, halina doa. Limekunjika kwa juu, kama jani la mboga lililokosa maji.

"Hapa," nikasema, nikaligusa.

Akapeleka mkono, akalishika na yeye. Akalipapasa ule mkunjo.

"Masikio niliyapaka mara moja tu," akasema. "Mkorogo uliniwasha hapo siku hiyo hiyo, nikayaacha. Ndo maana ya kilemba. Yalikuwa yanaumbua uso."

"Ndiyo, Mama."

"Yalikuwepo siku ile."

"Yalikuwepo."

"Mama alikuwa anakifungua kilemba."

Mimi ni mtu wa maneno. Nilikuwa nalo moja tayari, la kungwi aliyefukuzwa kazi, nikalirudisha lilikotoka.

"Nikakishika," akasema.

Jua lilikuwa linamuunguza, naliona kabisa shavu linawiva. Nikamshika kiwiko nimrudishe kivulini. Akajikaza. Alikuwa amegeuka ubavu, sikio moja limeelekea mlimani, upande wa Mgeta kwa mama yake, mkono umeshuka.

"Niache kwanza," akasema. "Liache litazame."